Kura na Kula: Tahakiki ya Mazungumzo Yaliyodakwa Hadharani

Kukusanya mazungumzo ya kuchekesha yaliyodakwa njiani si jambo geni. Mjini New York ukurasa wa intaneti wa namna hiyo, Overheard in New York, ulianzishwa mwaka 2003. Nchini Kenya maneno ya matatuni na sokoni husambazwa kila siku kwa simu. Aghalabu huhesabiwa kuwa upuuzi. Lakini tangu mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipodai fasihi simulizi ipewe nafasi yake katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mhakiki hana udhuru wa kuyapuuza.

Kasoro kubwa ya mikusanyiko hii ni mahali inapokata. Tubuni mfano wa matatu itokayo Thika kwenda Gatuanyaga, baada ya uchaguzi wa Agosti 2022. Yafaa ikumbukwe kwamba Kikuyu hakitofautishi l na r. Mama mmoja amwambia utingo: "Kijana, hebu twende, watoto wanangoja kura." Utingo ajibu: "Mama, uchaguzi si uliisha?" Abiria wote wacheka. Mkusanyaji hukata papo hapo, na msomaji aliye mbali hubaki akiucheka ulimi wa mkulima.

Garini, hata hivyo, neno halijaisha. "Uliisha," asema mama. "Sisi tulipiga kura, na wao ndio wanaokura." Kicheko cha pili si kile cha kwanza. Tamko lililoonekana kuwa kosa sasa limebeba maana mbili kwa makusudi, na anayechekwa hayumo garini. Mkusanyaji mwingine, kwa kupenda usanifu, huandika "wanaokula". Hapo hata mzaha wenyewe hufa.

Utani una wenyewe. Utingo ana ruhusa ya kumtania mama huyo kwa sababu mama ana nafasi ya kumjibu. Msomaji wa ukurasa hajibiwi na mtu. Yeye si mtani, ni mtazamaji tu.

Wahome Mutahi, aliyefariki mwaka 2003, alilielewa jambo hili kuliko wakusanyaji wa leo. Katika Whispers, safu yake iliyosomwa sana katika Sunday Nation, aliyatia mazungumzo ya baa na ya nyumbani katika vinywa vya jamaa ya kubuni, na baba wa jamaa hiyo, mwenye jina la safu, ndiye aliyechekwa kwanza. Alifungwa mwaka 1986 kwa tuhuma za Mwakenya. Alipotoka aliendelea kuwacheka wakubwa. Kwamba aliandika kwa Kiingereza ni hoja nyingine, na si ndogo.

Mkusanyaji wa Gatuanyaga halazimiki kubuni jamaa. Aandike ni nani aliyecheka, kwa lugha gani, na mama alijibu nini, hata kama ukurasa utarefuka na kichekesho kitachelewa kufika.