Kadi za 1928: mwili wenye nguvu, lakini ni wa nani?

Kadi za posta za zamani zenye kuita watu wafanye mazoezi juu ya afya, tumezoea kuziangalia kama mapambo. Tunasema ni muzuri, tunazipitisha mu telefone, basi imeisha. Mimi naomba tuzisome. Nachukua mfano mumoja: zile Gustav Klutsis alitengeneza mwaka wa 1928 juu ya Spartakiada ya Moscow.

Spartakiada ilikuwa michezo ya wafanyakazi. Jina limetoka kwa Spartacus, yule mutumwa aliyeasi Roma. Mwaka ule ule Olimpiki ilifanyika Amsterdam, lakini Wasovieti hawakuenda. Kwao ile ilikuwa michezo ya matajiri. Klutsis, mwana wa Latvia, alikata mafoto kwa makasi, akayabandika pamoja na rangi kali: mwenye kuruka, mwenye kurusha, mwenye piki-piki.

Kwa ufundi, namupa haki yake. Kadi inaenea mu mukono, lakini jicho halipumziki: mistari inakwenda mushazari, mwili mukubwa uko pembeni ya mudogo, unasikia kama kitu kinakuvuta uinuke. Matangazo mengi ya afya ya leo, na yule mutu wao mwenye kucheka na chupa ya maji, hayafiki hapo.

Njo pale shida yangu inaanzia. Angalia muzuri: hakuna mwenye kutoka jasho, hakuna mwenye kuchoka, hakuna muzee, hakuna mwenye kitumbo. Makasi imewatosha watu mu uwanja, imewatenga na wenzao. Na kati ya michezo, bunduki nayo inaingia. Kisha miaka mitatu, mu 1931, serikali ilianzisha programu ya mazoezi yenye jina «Tayari kwa Kazi na Ulinzi». Jina linasema yote. Afya haikuwa kwanza furaha ya mwenye mwili. Ilikuwa mali ya kiwanda na ya jeshi.

Wengine watanijibu: sasa ubaya iko wapi, si watu walipata nafasi ya kucheza? Ndiyo, na ile si kitu kidogo. Siye wenye kukimbia asubuhi pembeni ya barabara, kati ya vumbi na moshi ya magari, tunajua bei ya uwanja. Lakini kupewa uwanja ni kitu kimoja, kupewa amri juu ya mwili wako ni kingine. Klutsis mwenyewe, serikali ile alitumikia kwa mikono yake ilimukamata mu 1938, ikamupiga risasi.

Kadi ya posta iko na pande mbili. Mbele mukubwa anasema. Nyuma kuna nafasi nyeupe, mutu anaandikia mama yake vile anajisikia. Mimi kadi ya afya naipima hivi: ile picha ya mbele inakubali mutu aandike nyuma yake «leo nimechoka, napumzika»? Za Klutsis, pamoja na uzuri wake wote, hapana.