Sikio la Kuazima: Uhakiki wa Uchezaji Sauti katika Programu ya ELAN

Makala hii inahakiki namna programu ya ELAN inavyocheza sauti katika mifumo endeshi mitatu: Windows, macOS na Linux. ELAN, iliyobuniwa katika Taasisi ya Max Planck ya Isimusaikolojia mjini Nijmegen, Uholanzi, hutumiwa na wanaisimu na watafiti wa fasihi simulizi kunukuu rekodi. Imeandikwa kwa lugha ya Java, hivyo sura yake hufanana karibu katika kila kompyuta. Hoja ya msingi ya uhakiki huu ni kwamba mfanano huo unapotosha: sura ya programu ni moja, lakini sikio lake ni la kuazima.

ELAN hutegemea nyenzo za kuchezea sauti zilizomo katika kompyuta husika. Katika Linux, kwa mfano, hutumia VLC, ambayo husakinishwa kando. Ndiyo maana rekodi iliyosikika vizuri maktabani yaweza kuwa bubu kwenye kompyuta ya mtafiti, ilhali faili lenyewe halina kasoro. Utatuzi sharti ufuate mpangilio. Kwanza, rekodi ichezwe kwa programu nyingine katika kompyuta ileile. Ikiwa bubu huko pia, aghalabu tatizo limo katika mfumo endeshi au spika. Ikisikika, igeuzwe kuwa WAV isiyobanwa. Ikishindikana, kichezaji kingine kichaguliwe katika mipangilio ya ELAN.

Hata hivyo, ukimya hujitangaza. Hatari kubwa zaidi ni sauti inayosikika mahali pasipo pake. Usimbaji wa MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni mwa rekodi. Vichezaji vingine huuondoa, vingine huuacha. Tofauti ya milisekunde 25 haimsumbui msikilizaji wa kawaida, lakini kwa mwanafonetiki huhamisha mpaka wa irabu.

Lipo pingamizi kwamba WAV ni nzito. Saa 1 ya sauti ya mkondo mmoja, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, huchukua takribani megabaiti 318. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takribani 58. Kwa mwanafunzi mwenye diski ndogo, pingamizi hilo lina mashiko. Kwa hiyo, asiyeweza kutunza WAV walau aeleze, katika sura ya mbinu za utafiti, aina ya faili, mfumo endeshi na kichezaji alivyotumia. Bila maelezo hayo, msomaji anayeirudia rekodi hana njia ya kuthibitisha kwamba anasikia kile alichokisikia mtafiti.