Uso Ulioachwa na Fundi

Anayepanda basi la mwendokasi Magomeni Mapipa kwenda mjini huvuka bonde la Msimbazi pale Jangwani, akafika Fire, Kariakoo ikiwa mkono wake wa kulia. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, eneo la Kariakoo liligeuzwa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi, na jina la kikosi likabaki mtaani hadi leo. Vituo vichache mbele, katikati ya mzunguko wa magari kwenye makutano ya Mtaa wa Samora na Azikiwe, anasimama askari wa shaba nyeusi, bunduki mkononi, singe yake imeelekezwa upande wa bandari.

Wengi humtumia kuelekezana njia: tukutane Sanamu ya Askari. Wachache husimama kumtazama, na hiyo ni hasara, kwa sababu kazi ile inastahili macho.

Ilizinduliwa mwaka 1927. Aliyeibuni ni mchongaji wa Uingereza, James Alexander Stevenson, aliyezoea kutia sahihi ya Myrander kwenye kazi zake, na ilisubiwa London katika kiwanda cha Morris. Kabla ya kupakiwa melini ilionyeshwa kwanza huko huko London. Mkono wa Stevenson ulitoa pia sanamu za Nairobi na Mombasa, zenye kuwakumbuka watu wa vita ile ile. Ile ya Nairobi ina watu watatu pamoja, na mmoja wao ni mpagazi. Dar es Salaam ilipewa askari mmoja, na wapagazi wakawekwa kwenye bamba la shaba lililopachikwa ubavuni mwa msingi wa mawe.

Kusubu sanamu ya ukubwa huo hakuvumilii haraka. Kwa njia kongwe ya nta, fundi huanza na udongo, akaufinyanga mpaka mshipa wa shingo na mkunjo wa kaptula vikae sawa. Juu ya udongo hutolewa kalibu ya plasta, ndani ya kalibu hupakwa nta, na nta nayo hufunikwa kwa tope linalostahimili moto. Vikiingia tanurini, nta huyeyuka ikatoka, ikaacha uwazi wenye umbo la mtu. Ndipo humiminwa shaba iliyochanganywa na bati, takribani sehemu tisa kwa moja, ikiwa na joto linalopita nyuzi 1,000. Mirija ya hewa isipopangwa vizuri, uso hutoka na matundu. Sehemu nyembamba ndizo zinazotisha zaidi, kwani madini yanaweza kupoa kabla ya kufika nchani. Baada ya hapo zinabaki siku za tupa na patasi, kuunganisha vipande na kufuta alama za viungo, hadi mtazamaji asijue kilipoanzia kipande kimoja na kilipoishia kingine.

Ufundi wa Askari, hata hivyo, unaonekana zaidi katika msimamo wake. Kabla ya vita Wajerumani walikuwa wamemsimamishia sanamu mjini humu Hermann von Wissmann, gavana wao wa zamani. Katika sanamu ile mlikuwa na askari Mwafrika pia, lakini aliwekwa chini, miguuni pa gavana, akimwinulia macho, simba aliyekufa akiwa kando yake. Waingereza waliing'oa. Mwaka 1922 ikasimamishwa upya Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko wakaiangusha. Stevenson alimpandisha Mwafrika juu ya msingi, peke yake, bila bwana wa kumtazama. Amesonga mbele, uzito uko mguuni, macho yako kwenye kazi yake. Serikali ya wakati huo ilikuwa ya kikoloni kama iliyotangulia, lakini kidole kilichobonyeza udongo kilimwona mtu.

Maandishi ya msingi, ambayo mwandishi Rudyard Kipling alipewa ayatunge, yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Kipling alimpoteza mwanawe wa pekee wa kiume, John, vitani Ufaransa mwaka 1915, kisha akaitumikia tume ya Waingereza ya makaburi ya vita. Alijua uchungu wa mzazi asiye na kaburi la kulizuru. Pamoja na hayo, kwenye mawe yale hakuna jina hata moja la askari wala la mpagazi.

Wapagazi ndio waliokufa kwa wingi. Walibeba risasi, unga na majeruhi kupita nyika na vinamasi ambako mbung'o waliua wanyama wa mizigo, na wao wenyewe wakafa zaidi kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Rekodi za upande wa Waingereza zinaonyesha vifo zaidi ya 40,000. Wanahistoria wanakadiria kuwa idadi ya kweli inakaribia 100,000. Kwenye makaburi ya vita yaliyo kando ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, mnara wa Waingereza na Wahindi una majina ya zaidi ya watu 1,500 wasio na kaburi linalojulikana. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa kwa majina kwa sababu ya ubaguzi wa waliofanya maamuzi, na ikaomba radhi.

Hapa ndipo ufundi unapojitenga na ofisi. Karani anaweza kuandika idadi akaliacha jina. Mfinyanzi hana nafasi hiyo: lazima achague pua, shavu, mdomo, na akishachagua, mtu fulani amekuwepo. Kwa miaka karibu 100 uso huo mmoja umewawakilisha maelfu ambao daftari liliwaacha.

Uso mmoja hautoshi, na njia ya kuongeza ipo. Januari 2025, Cape Town ilizindua kumbukumbu ya Waafrika Kusini weusi 1,772 waliofariki wakitumikia vikosi vya kazi katika Vita ya Kwanza. Kila mmoja ana nguzo yake ya mvule, na kila nguzo imechongwa jina na tarehe ya kifo. Mvule unaota Tanzania. Mafundi wa kuuchonga wapo Keko wanakotengeneza vitanda na makabati, na wapo Mwenge wanakochonga vinyago. Kinachotakiwa kufika mikononi mwao ni orodha, na kuikusanya ni kazi ya watunza nyaraka wa Dar es Salaam, Nairobi na London, pamoja na familia ambazo bado zinasimulia juu ya babu aliyechukuliwa kubeba mzigo wa vita asirudi.