Bonneville Inapolala Miezi Mitano

Aprili 2016, mjini Stafford nchini Uingereza, kampuni ya mnada ya Bonhams iliuza pikipiki nane aina ya Brough Superior zilizokutwa mabandani karibu na Bodmin, Cornwall. Zilikuwa zimelala humo kwa zaidi ya miaka 50, nyingine zimefunikwa vumbi, vipuri na makorokoro ya nyumbani. Mojawapo, BS4 ya 1938 yenye injini ya silinda nne ya gari la Austin na magurudumu mawili ya nyuma yaliyokaa ubavu kwa ubavu, ilinunuliwa kwa pauni 331,900 pamoja na kutu yake yote.

Bei ile imewadanganya wengi. Brough zilizotengenezwa Nottingham zilikuwa kama 3,000 tu, na za aina ya BS4 zilikuwa chache mno, hivyo mnunuzi alilipia uadimu. Triumph Bonneville ya 1968 haina bahati hiyo. Ikioza gerejini hakuna atakayeipigania mnadani, na mwenyewe ndiye atakayebeba gharama ya fundi.

Bonneville inafaa kuchambuliwa kwa sababu ndiyo inayokutwa katika gereji nyingi za Waingereza wapenda pikipiki za zamani. Ina injini ya cc 649, silinda mbili zilizosimama sambamba, na kabureta mbili za Amal. Kuanzia Novemba halmashauri humwaga chumvi barabarani kuzuia barafu, na chumvi hiyo hula kromu, spoki na aluminiamu. Ndiyo maana pikipiki hizi hufungiwa hadi Machi. Hata hivyo, baridi yenyewe haiui chuma. Kinachoharibu ni vitu vitatu vilivyoachwa ndani ya pikipiki: oili chafu, petroli iliyokaa, na hewa yenye unyevu.

Kazi huanza kwa safari. Pikipiki iendeshwe nusu saa, injini ichemke sawasawa, kisha oili imwagwe ikiwa bado ya moto. Oili iliyotumika hubeba maji, masizi na asidi zitokanazo na mafuta yaliyoungua, na asidi hizo zikiachwa miezi mitano zinaanza kutafuna beringi. Wengi hubadilisha oili wakati wa kuanza msimu ili waanze na oili safi. Huko ni kuchelewa. Oili mpya inahitajika zaidi pikipiki inapolala.

Hapo ndipo Bonneville inapoonyesha ukaidi wake. Injini hii haihifadhi oili tumboni. Oili hukaa katika tangi la pembeni, chini ya kiti, na pampu yenye pistoni mbili ndogo hufanya kazi ya kuizungusha: moja husukuma oili kwenye krenki, nyingine iliyo pana zaidi hufyonza ile iliyodondoka chini na kuirudisha tangini. Kinachozuia oili isishuke yenyewe injini ikiwa imezimwa ni gololi ndogo inayobanwa na springi. Punje moja ya uchafu ikikaa chini ya gololi hiyo, oili huanza kupenya kidogokidogo, usiku na mchana. Ifikapo Machi, tangi linaonekana karibu tupu na tumbo la injini limejaa. Asiyejua huongeza oili tangini na kupiga kiki. Moshi unatanda mtaa mzima, na oili inatokea kwenye kila sili iliyochoka.

Wapo wanaofunga koki kwenye bomba la oili ili kuukomesha mvujo huo. Ushauri huo ni wa hatari. Siku mwenyewe atakaposahau kuifungua, injini itazunguka bila oili na kusagika ndani ya dakika chache. Dawa salama ni kuiacha ivuje, kisha kufungua nati kubwa yenye chujio iliyo chini ya injini na kumwaga yote kabla ya kuwasha.

Petroli nayo imebadilika. Tangu Septemba 2021, petroli ya kawaida ya Uingereza ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli hunywa maji kutoka hewani. Yakizidi, hujitenga pamoja nayo na kutuama chini ya tangi, mahali hasa kutu inapopenda kuanzia. Tena hulainisha mipira ya zamani na matangi ya faibaglasi. Tangi la chuma lijazwe pomoni petroli yenye ethanoli kidogo iliyotiwa dawa ya kuhifadhi, ili hewa isipate nafasi. La sivyo likaushwe kabisa na kupakwa oili ndani. Kuliacha nusu ndiko kubaya kuliko yote. Kabureta hazina mjadala: koki ya petroli ifungwe, bakuli lifunguliwe skrubu zake mbili, limwagwe na kufutwa. Petroli ikikauka humo huacha utomvu unaoziba jeti zenye tundu jembamba kama la sindano.

Silinda hutiwa kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, kisha injini inazungushwa taratibu kwa kiki ili oili itapakae ukutani.

Betri itolewe na kuchajiwa. Ya maji na risasi ikiwa imejaa chaji haigandi kwa baridi ya Uingereza, lakini ikiisha chaji huganda kirahisi na kupasuka. Mwenye kutumia chaja bila kuitoa betri akumbuke kwamba Bonneville ya miaka hiyo imefungwa kinyume cha pikipiki za leo: waya wa chanya ndio unaoshikana na fremu.

Kisha pikipiki iinuliwe kwenye stendi ya kati, tairi zijazwe upepo, na ifunikwe kwa shuka kuukuu la pamba. Turubai la nailoni hufungia unyevu ndani, na chuma kikitoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji, maji hayo hayana pa kwenda. Mdomo wa ekzosi uzibwe kwa kitambaa kuzuia panya, na karatasi ya kukumbusha ifungwe kwenye usukani.

Lipo kosa moja linalofanywa kwa mapenzi: kuiwasha kila Jumapili kwa dakika tano ili kuisikia sauti yake. Kila lita ya petroli inayoungua huzaa takriban lita moja ya maji, na injini isiyopata moto wa kutosha hubaki na maji hayo kwenye oili na ndani ya ekzosi. Iachwe ilale.

Machi ikifika, mifuniko na vitambaa vitolewe, oili iliyoshuka imwagwe, tangi lijazwe kwa kipimo, na klachi ibanwe huku kiki ikipigwa mara kadhaa ili sahani zilizogandana ziachane. Injini ikishawaka, kifuniko cha tangi la oili kifunguliwe na mtu achungulie ndani. Oili inapaswa kuonekana ikirudi kwa kurukaruka kutoka kwenye bomba dogo. Dakika moja ikipita bila kuonekana, injini izimwe hapohapo.