Nafsi ya Kwanza Kinywani mwa Fisi: Uigaji wa Wahusika katika Mbano za Kitui na Makueni

Bibi mzee wa Kitui anapotamba mbano, yaani ngano za Wakamba, na kufikia mahali ambapo fisi anazungumza, hasimulii kwamba fisi alidai ana njaa. Husema kuwa yeye mwenyewe ana njaa. Sauti hukwaruza, shingo huinama, na kwa muda wa sentensi mbili tatu mwenye nyumba ametoweka. Watoto hucheka na kuogopa kwa pamoja, lakini hakuna hata mmoja anayeondoka kwenda kumtafutia bibi chakula.

Jambo hili, yaani kutumia nafsi ya kwanza kwa niaba ya kiumbe mwingine, limepuuzwa mno na uhakiki wa fasihi simulizi. Wahakiki wameridhika na kuorodhesha tabia: sungura ni mjanja, fisi ni mlafi, zimwi ni katili. Maswali ya mitihani nayo yamefuata njia hiyo hiyo, hata mwanafunzi wa Makueni anaweza kufuzu vizuri pasipo kuulizwa ni nani aliyekuwa akisema maneno ya fisi, na kwa sauti gani. Uhakiki wa namna hii unamchukulia mnyama kama kibandiko cha maadili. Mtambaji anamchukulia kama vazi la kuvaliwa na kuvuliwa mbele ya watu.

Lugha yenyewe humsaidia. Kikamba, kama Kiswahili, hakitenganishi mume na mke katika viambishi vya nafsi ya tatu. Katika Kiswahili, a- moja tu humtosha mwanamume, mwanamke na fisi pia. Kwa hiyo mtambaji anaweza kuanza kisa na kukimaliza bila kuamua kama mhusika wake ni dume au jike. Bibi anaweza kumsema fisi, babu naye akamsema fisi yule yule, na pasiwe na yeyote aliyevuka mpaka wowote. Mpaka huo huchorwa baadaye, na mfasiri. Kiingereza hakimruhusu kunyamaza. Humdai achague dume, jike, au kitu kisicho na utu.

Msomi wa Kiswidi Gerhard Lindblom alifanya utafiti wake Ukambani miaka ya 1910 hadi 1912, akachapisha ngano za wanyama mwaka 1928 na za viumbe vya ajabu mwaka 1935. Sifa yake kubwa ni kuyaweka matini ya Kikamba karibu na tafsiri. Anayejua lugha anaweza bado kurudi kwenye a- ile isiyochagua. Kitabu cha John Mbiti, Akamba Stories, kilichotoka mwaka 1966, kina uhai zaidi, maana mwandishi alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, na ngano hizo zilikuwa za kwao. Hata hivyo Kiingereza chake laini kimesawazisha sauti zote: sungura, msichana na zimwi wanaongea kama watu waliosoma shule moja. Inashangaza kidogo kwamba hasara hii imempata Mbiti, ambaye jina lake lina maana ya fisi. Wakamba humpa jina hilo mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufariki. Mwenye jina hilo amevikwa ngozi ya mnyama tangu siku zake za kwanza duniani, na hakuna aliyedhani kuwa kwa sababu hiyo amepunguka utu.

Ustadi wa uigaji huonekana zaidi katika visa vya eimu, zimwi la Wakamba. Katika visa hivyo mara nyingi eimu huja ngomani kwa umbo la kijana mzuri, akampendeza msichana, akamwongoza mbali na kwao. Hebu itazamwe kazi ya mtambaji hapo. Yeye ni mwanamke, anamwigiza zimwi, na zimwi hilo linamwigiza mwanamume. Ngozi tatu kwa kinywa kimoja. Sauti ya kijana yapasa kuwa tamu kiasi cha kumfanya msichana asionekane mpumbavu, na hapo hapo iwe na uozo kidogo ambao watoto wataunusa kabla yake. Mtambaji dhaifu huchagua moja: ama hunguruma tangu mwanzo, na msichana akaonekana hana akili, ama humfanya kijana mwema mno, na mgeuko wake ukawa kioja tu. Mtambaji hodari huzishika zote mbili. Zaidi ya hayo, wako wasikilizaji wasichana ambao kesho watakutana na vijana wazuri wa kweli kwenye ngoma za kweli, na anayewaonya ni mwanamke anayejua sauti ile kwa kuwa aliwahi kuisikia. Maneno haya yangetoka kwa mwanamume, yangekuwa na uzito mwingine. Pengine yangekuwa ushawishi.

Uigaji huu usichanganywe na kilumi, ngoma ya pepo ambayo bado huchezwa Kitui na Makueni, hasa na wanawake wazee. Waandishi wa mwanzo wa karne ya 20 walieleza jinsi Wakamba walivyopandwa na pepo wa watu wengine: Wamaasai, na hata Wazungu. Huko anayesema si mchezaji. Ni pepo, na hadhira inawajibika kumtii na kumpa anachodai. Wala usilinganishwe na ndoa ya iweto, ambamo mwanamke asiye na mtoto humwoa mwanamke mwenzake na kushika nafasi ya mume. Huyo haigizi, ana mamlaka ya mila. Mbano peke yake ndiyo inayoruhusu watu wote waliopo kumwona bibi na fisi kwa wakati mmoja.

Au pengine si peke yake. Siku hizi mvulana wa Wote au Mwingi akishika kidhibiti cha mchezo wa Tekken, ulioanza Japani mwaka 1994, anaweza kuwa Nina Williams, mwanamke wa Ulaya. Au Eddy Gordo, Mbrazili aliyeingizwa mwaka 1997. Au dubu aitwaye Kuma. Wazee wengine huona hapo upotevu wa nafsi. Lawama hiyo haina msingi, kwani akishindwa mvulana husema "nimekufa", si kwamba dubu amekufa, na wenzake humcheka yeye kwa jina lake. Ni sarufi ile ile ya bibi.

Tofauti iko kwingine. Kioo humtaka mchezaji achague mwili kwanza, kabla kisa hakijaanza, na mwili huo umekwisha kuchorwa na watu wa mbali, pamoja na jinsia yake, rangi yake na mlio wake. Kwa upande huu kioo kinafanana na mfasiri kuliko mtambaji. Dubu yule ana sauti moja tu, iliyorekodiwa. Mvulana hawezi kuikwaruza, wala kuitia uozo kidogo ili mdogo wake aliyeketi pembeni aunuse.