Soprano wa Marseille: Sauti Imepanda, Lugha Imebaki Chini

Katika toleo hili tumeona vema kumjadili msanii ambaye kwa kawaida hatajwi katika kurasa za idara za Kiswahili. Jina lake la kuzaliwa ni Saïd M'Roumbaba, na jina la kazi ni Soprano. Alizaliwa Marseille, kusini mwa Ufaransa, tarehe 14 Januari 1979, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Visiwa vya Komoro. Leo ni miongoni mwa wasanii wakubwa wa muziki wa kufokafoka nchini humo. Swali ambalo wanafunzi wetu watauliza mara moja ni: anatuhusu nini?

Kwanza, anatuhusu kwa ujirani. Mtu akisimama kwenye Rasi ya Delgado, karibu na Palma, akatazama mashariki, Ngazija iko mbele yake kwa kilomita zinazozidi 300 kidogo tu. Maputo iko mbali zaidi mara kadhaa. Msumbiji ilipata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975, na Komoro ikajitangazia wake tarehe 6 Julai mwaka huohuo, yaani siku kumi na moja baadaye. Kimwani cha Ibo na Mocímboa da Praia, Kimakwe cha Palma na Kingazija vyote vina udugu na Kiswahili, kila kimoja kwa kiasi chake (wanaisimu wanaendelea kubishana juu ya kiasi hicho, na tuwaache wabishane). Tena watoto wa pande zote mbili hupita njia moja: lugha ya mama nyumbani, Kiarabu katika chuo cha Kurani, kisha lugha ya mkoloni darasani. Huku kwetu ni Kireno, kule ni Kifaransa. Wazazi wa Soprano waliichukua njia hiyo wakaipeleka mpaka kwenye majengo ya ghorofa ya mitaa ya kaskazini ya Marseille.

Marseille ni mji wa bandari, na Wakomoro wa kwanza walifika huko wengi wao wakiwa mabaharia wa meli za Kifaransa. Leo jamaa zao wanahesabika kwa makumi ya maelfu. Soprano alikulia katika mtaa uitwao Plan d'Aou, mtaa wa watu wa kipato cha chini, mbali na katikati ya mji. Ili msomaji aelewe hali ya hewa ya siku zile, tukio moja linatosha. Tarehe 21 Februari 1995, Ibrahim Ali, kijana wa miaka 17 mwenye asili ya Komoro, alikuwa akikimbilia basi pamoja na wenzake baada ya mazoezi ya muziki. Alikuwa katika kundi la kufokafoka la B. Vice. Akapigwa risasi mgongoni na mtu aliyekuwa akibandika matangazo ya chama cha Front National. Soprano alikuwa na miaka 16 tu wakati huo, naye ni Mkomoro wa mitaa hiyohiyo na mpenzi wa muziki huohuo. Hatudai kwamba tukio hilo ndilo lililomfanya awe msanii. Tunasema tu kwamba mtoto wa Kikomoro aliyeshika maikrofoni Marseille mwaka 1995 hakuwa akicheza.

Kundi lake liliitwa Psy 4 de la Rime. Walikuwa yeye, Alonzo, Vincenzo, na DJ Sya Styles aliyefariki mwaka 2015. Jina hilo linastahili kutazamwa na kila mwanafunzi wa fani. Maneno "Psy 4", yakitamkwa kwa Kifaransa, hutoa karibu sauti ileile ya neno lenye maana ya tabibu wa maradhi ya akili. Kwa hiyo ni "matabibu wa akili kwa vina". Albamu ya kwanza, Block Party, ilitoka mwaka 2002. Ya pili, Enfants de la lune, yaani watoto wa mwezi, ikafuata mwaka 2005. Kifaransa hutumia jina hilo pia kwa watoto wenye maradhi ya ngozi yasiyowaruhusu kutoka juani. Ya tatu, ya mwaka 2008, ni Les Cités d'or, miji ya dhahabu, na hapa tena kuna mchezo, kwa sababu neno lililotumika kwa "miji" ndilo wanalolitumia Wafaransa kuitia mitaa ya majengo ya maskini. Ni majina yenye maana mbilimbili, moja ya kuchekea na nyingine ya kuuma. Mtu aliyezoea mafumbo ya mashairi yetu hatapata taabu kuyafurahia.

Lakini hapa ndipo wahakiki wengi wa upande wetu wanapoteleza. Wakishasikia asili ya Komoro na wakishaona mafumbo, huharakisha kutangaza kwamba msanii huyu ni malenga wa pwani aliyepotea njia. Sikubaliani nao. Vina vya Psy 4 havikutoka Ngazija. Vilitoka New York vikapitia kwa wakubwa wao wa mjini, kundi la IAM, ambao albamu yao ya mwaka 1997, L'École du micro d'argent, ilikuwa shule ya kizazi kizima. Mizani ya shairi letu haimo humo, na kuitafuta ni kumvalisha mtu kanzu asiyoiomba.

Kilichotoka pwani, kwa maoni yangu, ni sauti. Soprano ni jina la sauti nyembamba ya juu kabisa katika uimbaji wa Kizungu, na si jina la kawaida kwa mtu wa kufokafoka. Inasimuliwa kwamba sauti hiyo alianza kuinoa utotoni, katika chuo cha Kurani. Anayezijua kasida za maulidi ya Ibo au Mocímboa hatashangaa. Hebu msikilize anapotoka kwenye ubeti wa kufoka na kuingia kwenye kiitikio: huivuta irabu, huipandisha, huikunja mwishoni. Wenzake wengi wa zama zile walipofika kwenye kiitikio walimwita mtu mwingine awaimbie. Yeye hakuhitaji.

Na ni kwa sauti hiyo, zaidi ya kwa maneno, kwamba alipanda. Albamu yake ya kwanza peke yake, Puisqu'il faut vivre, ilitoka mwaka 2007. Jina lake twaweza kulifasiri "kwa kuwa hatuna budi kuishi". Kwangu mimi hii ndiyo kazi yake bora. Imesimama mahali. Mtu anazungumza na mauti, na mtaa, na jamaa zake, na uimbaji unatumika kwa uchache pale maneno yanapokwama. Mwaka 2010 ikaja La Colombe, njiwa, yenye wimbo "Hiro" alioimba na Indila, ambamo anajifananisha na mhusika wa tamthilia ya televisheni ya Marekani mwenye uwezo wa kusafiri katika wakati, akayapitia matukio ya historia ya dunia. Ni kazi nzuri na wengi waliipenda. Mimi naiona kama mlango: hapo ndipo anapoanza kuuacha mtaa.

Tazama majina yanavyofuatana baada ya hapo. Mwaka 2014 ni Cosmopolitanie, nchi aliyoibuni mwenyewe ya watu wa mataifa yote. Mwaka 2016 ni L'Everest, mlima mrefu kuliko yote. Mwaka 2018 ni Phoenix, ndege wa ngano anayefufuka kutoka majivuni. Mwaka 2021 ni Chasseur d'étoiles, mwindaji wa nyota. Kutoka sherehe ya mtaani mpaka nyotani! Sidhani kwamba ni bahati tu, kwa kuwa msanii wa maana mbilimbili hachagui majina kwa kubahatisha. Kadiri anavyopanda, viitikio vinakuwa virefu na vitamu, na mahali panapungua. Katika "Mon précieux", wa albamu ya mwaka 2016, anaisemesha simu yake ya mkononi kana kwamba ni mpenzi. Ni tashihisi safi kabisa, na natamani walimu waitumie darasani. Hata hivyo wimbo huo ungeweza kuandikwa na mtu wa mji wowote.

Wahakiki wa Ufaransa humlaumu mara kwa mara kwamba kuimba kumelainisha kufoka kwake. Mimi lawama yangu ni nyingine. Kuimba ndicho kitu alichorithi, na hakuna ubaya akikitumia. Tatizo ni kwamba sauti ya nyumbani imepewa nafasi yote na lugha ya nyumbani imepewa karibu hakuna. Kazi yake, ukiitazama kwa jumla, ni ya Kifaransa. Katika nchi aliyoibuni ya Cosmopolitanie watu wote wanakaribishwa, ila Kingazija hakina kazi kubwa ya kufanya humo. Kuna watakaosema kwamba msanii ana haki ya kusikiwa na wengi na kwamba albamu haziuziki kwa Kingazija. Ni kweli. Lakini mtu aliyekwisha kuuza mamia ya maelfu ya nakala angeweza kumudu gharama ya nyimbo mbili tatu.

Jambo hili si la mbali kwetu. Mwezi Oktoba 2017 Soprano alijaza uwanja wa mpira wa Vélodrome katika mji wake, kilele cha kupanda kwake. Mwezi huohuo ndipo Mocímboa da Praia iliposhambuliwa na vita vya Cabo Delgado vikaanza. Palma ilishambuliwa Machi 2021. Mamia ya maelfu ya watu waliyahama makazi yao. Waliofika kwa mashua katika ufuo wa Paquitequete, mjini Pemba, angalau walikuta Kimwani kinazungumzwa. Waliokwenda Metuge, Chiúre au Nampula walikuta Kimakua na Kireno. Kuna watoto wa pwani waliozaliwa huko ambao Kimwani au Kimakwe kwao ni lugha ya ndani ya nyumba tu, kama Kingazija kilivyo katika nyumba za Plan d'Aou. Chuo wanakwenda, na sauti watakuwa nazo. Simu wanazo, na Bongo Fleva kutoka ng'ambo ya Ruvuma wanaisikia kila siku. Baadhi yao wataimba, na watachagua lugha.

Kwa wanafunzi wa mwaka wa pili watakaosoma nadharia ya uhakiki muhula ujao, nashauri waanze na Puisqu'il faut vivre kabla ya kitu kingine, wasikilize mara ya kwanza bila kufuatisha maneno, kisha wasome maneno bila muziki. Wasiojua Kifaransa waombe msaada kwa wenzao wa idara ya lugha za kigeni. Baada ya hapo ndipo wachukue L'Everest, na watueleze kama wanasikia mtu yuleyule.