Sokrates, Mtumwa na Mraba

Anayefundisha falsafa mwaka wa kwanza chuoni ana kazi nzito: swali la zaidi ya miaka 2,000 inabidi limkere mwanafunzi kana kwamba limezuka leo asubuhi. Wahadhiri wengi huanza na Meno, mazungumzo yaliyoandikwa na Plato karne ya 4 kabla ya Kristo, na mimi naona wanachagua vyema. Ufundi wa kuuliza sijauona wazi namna hiyo kwingine kokote.

Humo, mtu aitwaye Meno anamuuliza mwanafalsafa Sokrates kama wema hufundishika. Sokrates anamwambia kwamba yeye, Sokrates, hata huo wema wenyewe haujui ni nini. Meno anajaribu kuueleza, kila jibu linabomoka, mpaka analalama kwamba Sokrates ni kama yule samaki taa anayemtia ganzi kila amgusaye. Kisha anauliza: utakitafutaje kitu usichokijua? Na ukikikuta, utajuaje kuwa ndicho?

Kumjibu, Sokrates anaomba aitwe kijana mmoja mtumwa wa Meno. Anamchorea mraba wenye upande wa futi 2. Eneo lake futi za mraba 4. Mraba wa eneo maradufu, upande wake ni futi ngapi? Kijana hasiti: 4. Sokrates hamwambii amekosea. Wanachora, wanahesabu: eneo ni 16. Basi 3, anasema kijana. Wanahesabu tena: 9. Hapo anaapa kwa Zeus kwamba hajui.

Fundi wa haraka angemmalizia jibu. Sokrates anamwacha kwanza, anamgeukia Meno: je, tumemdhuru kwa kumtia ganzi? Mwanzo angesimama mbele ya umati akatangaza kosa lake kwa raha. Sasa ana hamu ya kujua. Lalamiko la Meno limejibiwa. Kila nikifika hapa nasoma polepole.

Mhadhiri hodari hufunga kitabu kwenye ile 9, akampa mwanafunzi chaki.

Jibu ni mstari wa pembe hadi pembe. Unaukata mraba wa kwanza vipande viwili vya 2. Mraba unaojengwa juu ya mstari huo una vinne vya namna hiyo, yaani 8. Wanafunzi makini hupinga: mstari kauchora Sokrates, si kijana. Wana haki. Lakini kuonyeshwa mstari si kuona kwamba eneo ni 8. Hesabu ile kijana aliifanya mwenyewe, na hakuna aliyeweza kumfanyia.